Mbele ya Mwenyewe

Baba yangu alikuwa diwani kwa miaka ya kutosha kuamini kwamba sheria ndogo ni sheria. Imani hiyo aliipata katika ukumbi wa Halmashauri pale Musoma, na ndiyo aliyorudi nayo kijijini kwetu, upande wa Butiama, Halmashauri yenyewe ilipovunjwa na madaraka yakasemwa kwamba yamepelekwa mikoani. Wenzake waliorudi kutoka vyeo kama chake walirudi na baiskeli, au na jora la kitambaa, au na mazoea ya kunywa chai saa nne. Yeye alirudi na wazo. Aliamini kwamba kijiji, kikikaa na kukubaliana, kinaweza kumjengea mkazi wake ukuta ambao hata mkono wa Serikali Kuu utalazimika kuugonga kwanza kabla ya kumfikia. Ninaandika habari za ukuta huo, na za mtu mmoja, mdogo wake baba, aliyesimama nyuma yake tukitumaini sote kwamba hatachukuliwa.

Nikiwa mtoto nilimwona akienda vikaoni amevaa koti jeusi aliloshonewa Manyamanyama na fundi mmoja Mwislamu, mtu wa maneno, ambaye babu yake alitoka Unyamwezi. Siku ya kulichukua nilifuatana naye. Fundi alimgeuza, akamvuta mabega, akasema: "Mheshimiwa, koti hili linazuia upepo wa ziwa. Upepo wa mkuu wa wilaya sijui. Huo kamuulize fundi mwingine." Baba alicheka mpaka vifungo vikahangaika. Alikuwa na sababu ya kucheka. Katika miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, diwani alikuwa mtu. Akisimama ukumbini na kusema kwamba zahanati ya kwao haina mlango, mlango ulitafutwa.

Jioni, tukila ugali wa mtama na samaki waliokaushwa, ambao ndugu za mama walituletea kutoka Suguti, alitueleza waliyoyapitisha. Kila kaya ilime mihogo. Mbuzi wasiingizwe sokoni bila kamba. Nyasi za mlimani zisichomwe kabla ya mvua. Mama, ambaye alizaliwa kando ya ziwa na hakuwahi kuvutiwa na habari za mbuzi, alimwuliza kama safari ya Musoma ilikuwa kwa ajili ya hayo tu. "Mama watoto," baba alimjibu, "sheria ndogo inatungwa na wale itakaowauma. Ndiyo tofauti yake na nyingine zote."

Nyingine zote zilikuwa zikitungwa mbali nasi. Ilikuwapo sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini kwa amri iliyotiwa saini, bila kupelekwa mahakamani. Ulikuwapo pia utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, ambao Chama kiliuweka hadi katika vitongoji vya mwisho kabisa, ili kila mgeni ajulikane amelala wapi na kila neno lijulikane limesemwa na nani. Sitaki kudai kwamba tuliona ubaya wake tangu mwanzo. Nchi ilikuwa changa, na hofu ya maadui haikuwa ya kubuni yote. Isitoshe, balozi wetu hakufanana na mtu wa kuogopwa. Alikuwa mkulima wa pamba kama sisi, mfupi, mwenye kicheko cha kukohoa, na alikunywa pombe ya ulezi na baba na baba mdogo katika chungu kimoja. Aligawa sukari ilipopatikana, akasuluhisha wake wenza. Shida yake ilikuwa moja. Kila mwanzo wa juma alikwenda tarafani, na huko aliulizwa, "Kwako kuna nini?" Mara nyingi hapakuwa na kitu. Lakini mtu aliyetembea mlima mzima kwa miguu huona aibu kujibu kwamba hana kitu, kama vile mtu anayekwenda ukweni mikono mitupu. Basi akaanza kutafuta vya kusema.

Baba aliliona hilo mapema kuliko wengine. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji, jambo la kwanza alilolipeleka kwenye mkutano lilikuwa hili: habari yoyote ambayo balozi anataka kuipeleka juu kuhusu mkazi, kwanza isemwe hadharani, mkazi huyo akiwapo. Alilieleza kwa Kiswahili cha Halmashauri, chenye "kwa mujibu" na "isipokuwa kama", na watu wakamwangalia tu. Kisha mzee mmoja akasema kwa lugha ya nyumbani, "Si ritongo hilo?" na mkutano mzima ukaguna kwa kuelewa.

Ritongo ni baraza la wakazi wote, la tangu enzi za babu zetu, lililosikiliza habari za wizi, za mipaka na za mahari. Masharti yake kila mtoto wa kwetu aliyajua. Mtu hasemwi asipokuwapo. Kumsema mgongoni kwa jambo linaloweza kumdhuru kulihesabiwa kuwa jamaa ya uchawi. Anayejua neno akalificha, madhara yatakayofuata ni yake. Na wote wakishasema, nyama huchomwa. Aliyekula pamoja na mtu aliyesemwa hawezi tena kulibeba neno lile kulipeleka popote, kwa kuwa limezikwa pale pale. Baba hakutunga kitu kipya. Aliichukua desturi ya wazee akaivika koti la Manyamanyama.

Na ilifanya kazi, nisije nikaonekana kuidhihaki. Nilikuwa likizoni kutoka chuoni siku balozi aliposimama juu ya mwamba ulio kando ya ghala la pamba, ambapo mikutano ilifanyika, akamshtaki mjane mmoja.

"Kuna mgeni mwanamume analala kwa mama huyu tangu juma lililopita," alisema, "na lafudhi yake si ya hapa."

"Lafudhi!" mjane akaruka. "Na wewe ulipokuja kuoa hapa ulikuwa na lafudhi gani, balozi? Si tulikuwaga tunakucheka?"

"Jibu swali, mama."

"Ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu. Na ng'ombe aliotoa, mmoja ulimla wewe, mpaka ukaomba utumbo wa kupeleka nyumbani."

"Nilipewa!"

"Uliomba!"

Baba aliwaacha watu wacheke hadi walipochoka, kisha akauliza kwa sauti ya kiti kama kuna la kupeleka tarafani. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Apeleke utumbo!" Habari ikafia hapo. Balozi mwenyewe alicheka kuliko wote, na nadhani alifurahi, kwa sababu safari hiyo alipoulizwa kwake kuna nini, aliweza kujibu kwamba jambo limezungumzwa kijijini na limekwisha. Jioni ile baba alimwambia mdogo wake, "Unaona? Serikali ni watu waliokaa pamoja tu." Baba mdogo alikubali kwa kichwa. Hakuwa msemaji.

Huyu baba mdogo alikuwa mpima pamba katika ghala la ushirika. Wakulima walimpenda kwa sababu mzani wake haukuwa na mkono wa pili, na kwa sababu jambo alilisema mara moja tu, hakurudia. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na nyumba ya bati, ambayo kwetu wakati huo ilitosha kumfanya mtu aulizwe amepata wapi. Ilipokuja amri kwamba kijiji chote kihame milimani, kishuke kwenda kupangwa kando ya barabara ya Bunda, pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani. Wengi walinung'unika majumbani. Yeye alinung'unika ghalani, mbele ya mzani, watu wakiwa wamejipanga na magunia.

"Pamba ina mwezi wake," alisema. "Serikali haina. Basi anayeweza kungoja ni Serikali."

Maneno hayo yalishuka mlimani haraka kuliko lori. Akasema na jingine, kwamba aliyetoa amri hii hajawahi kulala katika nyumba isiyo na paa. Kisha akapanda lori la pamba mpaka vijiji vya Bunda, akawashauri wakulima wa huko nao waombe kungojewa. Hakuchochea mtu kukataa. Aliomba muda wa kuvuna. Lakini katika mwaka ule, mtu aliyeomba muda kwa niaba ya wengine alikuwa tayari amejipa cheo ambacho hakuna aliyempa, na sisi nyumbani tulijua kwamba atatafutwa. Mama mdogo aliacha kulala. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na utulivu. Alisema kwamba wakija, watalikuta ritongo.

Walikuja. Au alikuja, kwa maana alikuwa mtu mmoja na dereva wake, katika Landrova, kijana aliyevaa kaunda suti, mpole, ambaye aliwaamkia wazee wote shikamoo kabla hajakaribishwa kiti. Nilikuwa nimerudi likizo nyingine, na mimi ndiye niliyemletea maji ya kunywa, kwa hiyo nilisikia walivyoanza.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "ningependa kuzungumza nawe na balozi wako faragha."

"Kuhusu mtu?" baba aliuliza.

"Kuhusu mtu."

"Hapa kwetu jambo la mtu halina faragha, mwanangu. Tumekubaliana hivyo kijiji kizima. Ukitaka kumsikia mtu, utamsikia mbele ya mwenyewe, na kila mmoja atasema anachokijua."

Nilimwona yule kijana akinywa maji taratibu. Nilidhani amezuiwa. Baba pia alidhani hivyo. Niliona mgongo wake ukinyooka kama wa siku za ukumbini. Kisha mgeni akaweka bilauri chini, akasema, "Vizuri sana, mzee. Iteni watu."

Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka mkutano ule kwa macho ya watu waliokuwapo, maana kuukumbuka kwa macho ya leo ni kuwaonea. Hakuna aliyekwenda pale kumsaliti mtu. Walikwenda kumtetea, na kwa desturi yetu mtu hutetewa kwa kusemwa yote, ili lisibaki hata neno moja gizani la kuja kumdhuru baadaye. Mzee wa kwanza alisimama akiwa amejifunga shuka lake jipya.

"Mimi nilikuwepo ghalani," alisema. "Alisema aliyetoa amri hii hajawahi kulala nyumba isiyo na paa. Nikamwambia, umesema kweli. Kama ni kosa, basi ni letu wawili."

Watu wakashangilia. Akasimama mama mmoja, naye kwa fahari akaeleza safari ya Bunda: vijiji gani, lori la nani, waliongea na nani, na kwamba mume wake alikuwamo na nia yao ilikuwa njema. Mume akaitikia kwa kichwa. Mwingine akakumbusha neno la pamba na mwezi wake, na kwa kuwa alilikosea kidogo, watatu walimsahihisha kwa pamoja. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Mama aliniegemea.

"Mbona wanammwaga mtu wao?" alininong'oneza.

"Ndiyo ritongo, mama."

"Kwetu ziwani, mwenye nyavu haonyeshwi samaki walipolala."

Balozi alisema mwisho. Alikuwa karibu kulia. "Haya yote niliyajua tangu zamani," alisema. "Wiki iliyopita nilitaka kuyapeleka tarafani, miguu ikakataa. Nikasema hapana, mahali pake ni hapa, mbele ya mwenyewe." Hakuna aliyepigiwa makofi kama yeye.

Mgeni hakuandika neno. Alikaa ameweka mikono magotini, akimtazama kila msemaji usoni kwa adabu, kama mtu aliyealikwa harusini. Baba alipomwuliza mdogo wake kama ana la kukanusha, baba mdogo alisimama pale alipokuwa.

"Nikanushe nini, kaka? Nilisema. Na pamba bado iko shambani."

Nyama ilikuwa imekwisha chomwa. Baba mwenyewe alikata kipande cha ini akampelekea mgeni, na sote tukaangalia. Yule kijana akala. Akala kipande cha pili, ambacho baba mdogo alimpa kwa mkono wake, akashukuru. Siwezi kueleza vizuri jinsi kijiji kilivyopumua wakati ule. Mama mdogo, ambaye hakuwa amekula tangu jana yake, aliomba mfupa. Wazee walianza kuzungumza habari za mvua.

Ndipo mgeni aliposimama, akajifuta midomo kwa leso, akamwambia baba mdogo, "Ndugu, tuongozane kidogo mpaka Musoma, tukamalizie maelezo."

"Maelezo gani?" baba mdogo aliuliza. "Si yamekwisha?"

"Yamekwisha kweli," yule kijana alisema. "Ndiyo maana tunaweza kwenda."

Baba alikwenda kusimama mbele ya Landrova. Hakupaza sauti. "Umekula, mwanangu," alimwambia.

"Nimekula, mzee. Nimeshukuru." Na aliposema hivyo hakuwa na kejeli, alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, kwingine, na watu ambao kwao nyama ni chakula tu. Dereva aliwasha gari. Baba mdogo alipanda mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, na akamwomba mkewe asimfuate mpaka barabarani kwa sababu ya watoto.

Kesho yake baba alivaa koti akaniambia tufuatane Musoma. Alitaka, nadhani, mtu aliyesoma awepo karibu, kama mgonjwa anavyotaka jamaa aliyewahi kufanya kazi hospitali. Tulikwenda kwanza kwenye jengo la Halmashauri ya zamani. Karani mmoja alimtambua.

"Mheshimiwa! Umepotea sana."

"Nimekuja kuwaona wenzangu."

"Wenzako wapi, mzee wangu? Siku hizi wako wataalamu tu."

Wataalamu walikuwa na adabu. Walitukaribisha viti, wakatueleza kwamba shughuli zao ni mipango ya maendeleo. Polisi walisema mtu huyo hayupo kwao. Ofisini kwa mkoa tulikaa mpaka mlinzi alipoanza kutuonea huruma. Alituambia amri za namna hiyo hutoka juu, na hata waliomo ndani hawazijui mpaka ziwe zimekwisha tekelezwa. Hatukumwona baba mdogo. Tulikwenda kulala Kigera, kwa binamu yake mama, na kabla ya kufika baba akaomba tukae kwanza kwenye benchi la muuza chai, kwa kuwa hakutaka kuingia nyumba ya watu na uso ule.

"Mwanangu, wewe umesoma," alisema. "Mahakama je?"

"Amri ile, baba, mahakama hairuhusiwi kuihoji."

"Na Halmashauri ingekuwepo?"

Nilitamani kumjibu ndiyo. Nilikuwa nimezisoma sheria hizo chuoni, na kila niliposoma nilimfikiria yeye na mbuzi wake wa kamba. "Hata ingekuwepo," nilisema. "Sheria ndogo ikipingana na sheria kuu, inafutika yenyewe."

"Yenyewe? Bila hata kuitwa?"

"Bila kuitwa."

Akafikiri. "Basi nayo inahukumiwa yenyewe haipo." Muuza chai alituletea vikombe, baba akakishika chake bila kunywa. "Sasa miaka yote ile tulikuwa tunatunga nini?"

"Mihogo, baba. Na mbuzi."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, na sikukipenda. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitazama dirishani, na alipoona mashamba meupe ya pamba upande wa Bunda alifumba macho.

Tulihama kabla ya kuvuna. Pamba ilibaki milimani, mbuzi wakaila, mvua ikaishusha matopeni. Mama mdogo alibeba mabati ya nyumba yake kichwani, bati moja moja, akishuka na kupanda, kwa sababu hakutaka yaguswe na mtu mwingine wa kijiji. Baada ya muda mrefu tulisikia kwamba mumewe yuko kusini, katika wilaya ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kumjua mtu wa huko. Kwamba hayuko gerezani, ila amekatazwa kutoka. Baba alijiuzulu uenyekiti. Hata asingejiuzulu, kijiji kipya kilikuwa na mpangilio wake, nyumba zimenyooka kama mistari ya daftari, na kila mlango ulionekana kutoka mlango mwingine. Hakuna aliyelifuta ritongo. Lilikosa wa kulihudhuria tu. Watu walijifunza kuficha hata posa za mabinti zao, na walipokutana kisimani walizungumza juu ya maji. Balozi alianza tena kwenda tarafani peke yake. Sidhani alikwenda kwa ubaya. Lakini aliulizwa, naye alijibu, na sisi hatukujua tena alichojibu.

Baba mdogo aliruhusiwa kurudi watoto wake wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa. Alishuka basi Bunda na mfuko wa korosho na Kiswahili cha kusini, na mkewe alimpokea kwa kumwosha miguu kama mgeni. Alikuwa mzima wa mwili. Alilima, alichunga, alihudhuria ibada. Mkutano hakuhudhuria. Ikiwa watu zaidi ya watatu walikusanyika mahali, hata kama ni kwa ajili ya ng'ombe aliyevunjika mguu, alikumbuka kazi nyingine akaondoka.

Baba alikuwa na jambo moja alilotaka kulifanya kabla hajazeeka zaidi. Alitaka kumwomba msamaha. Lakini kwa desturi yetu, kosa lililotendwa mbele ya ritongo huombewa msamaha mbele ya ritongo. Kuuomba chumbani ni kama kulipa deni kwa kulinong'ona. Alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, mimi nikiwapo, akamwomba akubali wazee waitwe, hata wachache.

"Kaka, mimi sina neno na wewe," baba mdogo alisema.

"Najua. Mimi ndiye mwenye neno."

"Basi lisemee hapa."

"Hapa si mahali pake."

"Mahali pake nilishawahi kukaa," baba mdogo alimjibu, "na nyama nikala." Akaenda kuwafungulia ndama. Baba alirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine, na jibu halikubadilika, hata sauti yake haikubadilika. Kila mmoja alimpenda mwenzake. Hilo ndilo lililonichosha kulitazama.

Serikali za mitaa ziliporudishwa, mimi nikiwa mkufunzi, niliitwa Musoma kuzungumza na madiwani wapya. Walinipa mada ya sheria ndogo. Nilipomaliza, diwani mmoja, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuliza swali ambalo halikuwamo katika mada.

"Mwalimu, wakija kumwulizia mkazi wetu, sisi kama Halmashauri tutamlindaje?"

Nilimpa jibu nililolifikia baada ya miaka mingi. Nilimwambia kwamba hatuwezi kuwazuia kuuliza, ila tunaweza kuacha kukusanya majibu. Zahanati isiulize mgonjwa amelala kwa nani. Mtendaji asiandike wageni wa harusi. Mlichokijua mtaombwa, msichokijua hamwezi kuombwa. Nilimwambia kwamba mahali nilikotoka, watu walidhani neno likitolewa nje linapoteza sumu, na hawakujua kwamba yupo msikilizaji ambaye kwake nje na ndani ni sawa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na tukisema hatujui, si watatuondoa?"

"Huenda wakawaondoa."

"Halafu watawaweka wanaojua."

Ukumbi wote ulinigeukia. Ulikuwa ukumbi ule ule wa baba, umepakwa rangi mpya. Nilianza kukusanya karatasi zangu, na mwenyekiti wa semina, mtu mwenye huruma, alitangaza chakula.

Baba alifariki mwaka huohuo bila kulisema neno lake. Tulimzika milimani, kwenye uwanja wa nyumba ya zamani, kwa kuwa alikataa kulazwa barabarani. Watu walikuja wengi kuliko tulivyopika. Wakati wa salamu za ukoo ulipofika, jina la baba mdogo likaitwa, na hakujitokeza. Tulimwona mbali, kwenye mawe, ng'ambo ya mahali ambapo sauti ya msemaji iliweza kufika, amesimama na kofia mkononi. Walimtuma balozi, ambaye sasa alikuwa mzee wa mkongojo na ndiye rafiki pekee aliyebaki wa wote wawili. Nilimfuata ili kumshika mkono kwenye mteremko.

"Ni kaka yako," balozi alimwambia, akihema. "Sema hata neno moja tukalipeleke."

Baba mdogo alimtazama kwa upole. "Ukilitaka neno langu," alisema, "njoo nyumbani. Uje peke yako, tukae wawili."

Balozi aliitikia kwamba atakwenda. Alisema atakwenda matanga yakiisha, kisha akasema baada ya mavuno. Hakwenda. Nilipomwuliza sababu alitazama kwanza huku na huku, ingawa tulikuwa uwanjani kwake na hapakuwa na mtu, akaniambia kwamba nyumba ile iko wazi pande zote, na kwamba mtu akiingia kwake peke yake, ataonekana.